Risiti Zenye Majina Yetu

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Na wale wa nyuma waliokaa kimya, asifiwe tena kwa niaba yenu.

Mnanijua. Mimi ni Etienne, fundi wa mota za mitumbwi pale karibu na bandari. Mnajua pia kwamba hasira zangu ziko karibu. Wengine wenu nimewagombeza humu humu ndani, kwenye mazoezi ya kwaya, na leo naomba mnisamehe kabla sijaendelea. Nimesimama kushuhudia jinsi Mungu alivyomtoa mke wangu Neema hospitalini, akanitoa na mimi katika kiburi. Kazi hiyo yote aliifanya kwa mkono wa mama mmoja anayejua kusoma fakitire, ile hati ya madai ya hospitali.

Ndugu zangu, Neema alishikwa na uchungu nikiwa mbali, kule Moba, natengeneza mota ya mteja. Mtoto alikaa vibaya. Madaktari wakasema ni lazima apasuliwe, na hospitali ilitaka pesa ya mbele. Simu yangu haikupatikana. Aliyelipa ni Kashindi, kaka yake Neema. Mimi na Kashindi tulikuwa hatusalimiani, kwa sababu kwenye msiba mmoja, mbele ya watu, alisema mahari ya dada yake sijaimaliza. Ni kweli sijaimaliza, lakini msibani! Dada yao mkubwa alinunua serumu, yale maji ya kutundikiwa, na dawa pale famasi ya hospitali. Akina mama wa kanisa hili walilipia vipimo vya damu. Niliporudi nilimkuta Neema mzima, na mtoto wa kike ananyonya. Nililia, wala sikuona haya.

Daktari akamruhusu aende nyumbani. Nikaenda kwenye dirisha la malipo kuchukua karatasi ya kutoka, wakanipa fakitire. Loo! Kila kitu kilikuwa mle, operesheni, kitanda, serumu, vipimo, kana kwamba hakuna mtu aliyewahi kulipa hata franka moja. Nikapiga kelele, nikamwita karani mwizi. Akanijibu kwa upole kwamba katika kitabu chake hakuna malipo ya Neema, na bila malipo hakuna kutoka.

Basi Neema akahamishiwa kile chumba cha akina mama waliopona lakini hawajalipa. Humo hakuna mgonjwa, ila hakuna anayetoka. Siku ya kwanza, ya pili, ya nne. Alimwogesha mtoto kwa beseni la kuazima. Siku ya tano akaniambia nisije tena mikono mitupu, kwamba kuniona kunamchosha. Ndugu zangu, neno hilo liliniuma. Nikaamua kuuza sanduku langu la kazi, spana zote, na mnunuzi nilishampata. Ningemtoa mke wangu, lakini baada ya hapo tungekula nini?

Nikaomba. Niliomba Mungu anipe pesa. Hakunipa pesa, alinipa Mama Zainabu.

Mama Zainabu anakaa kwenye benchi karibu na dirisha la malipo, na miwani yake ya kufungwa uzi na kalamu nyekundu. Ni wa mutuweli, kile chama cha afya ambacho wengi wetu tunakichangia kila mwaka. Ni Mwislamu, wa zile familia zilizofanya biashara ziwani tangu mababu. Nalisema hili ndani ya kanisa bila kuogopa, maana Mungu hakuniuliza nataka nisaidiwe na mtu wa dini gani. Nilikuwa nampita kila siku nikidhani anauza kadi tu. Siku hiyo yeye ndiye aliyeniita, akaomba aione ile fakitire, akaniuliza kama tuna kadi ya chama. Nikasema tunayo nyumbani, lakini si ni ya malaria ile? Maana sisi tumezoea kuitumia kwa malaria, kwenye kituo cha afya. Alicheka mpaka akavua miwani.

Kisha akasoma. Jamani, yule mama anavyosoma! Sisi tunaangalia jumla iliyo chini, tunaishiwa nguvu. Yeye alianza juu, mstari kwa mstari, kidole kikishuka polepole. Akanieleza kwamba operesheni chama kinalipa sehemu kubwa na mimi sehemu ndogo, na kitanda ni vilevile. Hakuniharakisha, hakunicheka tena. Alipofika kwenye serumu na vipimo akauliza nani alivilipia, na risiti ziko wapi. Nikasema kila mtu anayo yake. Akauliza zimeandikwa jina la nani.

Ndugu zangu, hapo macho yangu yalifunguka! Mnajua tunavyofanya. Mtu akisaidia mgonjwa anaandikisha risiti kwa jina lake mwenyewe. Anaiweka ndani ya Biblia au anaifunga kwenye pindo la kitenge, ili siku ya kikao cha familia aitoe, watu wajue ni nani alitoa. Kitabu cha hospitali kilikuwa na malipo ya Kashindi na ya wengine wote. Ya Neema hayakuwemo.

"Papa Etienne," Mama Zainabu aliniambia, "bibi yako walishamulipia. Lakini ile pesa iko na majina ya watu wenye hawako wagonjwa. Wende ulete makaratasi yote, na kadi, na wale wenye walilipa wakuje wasaini. Njo hivi tu."

Akina mama wa kanisa walikuja siku hiyo hiyo. Shemeji mkubwa, yule dada yao, alifungua pindo lake huku ananung'unika, lakini alifungua. Ikabaki risiti ya Kashindi, na ndiyo iliyokuwa kubwa. Nilizunguka soko la samaki anakouzia nikikataa kuingia. Moyo uliniambia uza spana, ni rahisi kuliko kumwomba yule. Halafu nikamkumbuka Neema mle chumbani, nikaingia. Kashindi alikuwa anapima ndagala. Nilipiga magoti kwenye matope mbele ya wateja wake, nikaomba msamaha, nikamweleza kwamba risiti anayoitunza kwa ajili ya kikao ndiyo inayomzuia dada yake.

Alifuta mikono.

"Mi nilitaka watu wajue nilimuponesha," alisema. "Sikujua niko namufunga. Simama, shemeji, twende."

Aliacha ndagala zake kwa jirani, tukapanda pikipiki moja. Dirishani akasaini kwamba pesa ile ni ya Neema. Mama Zainabu akaondoa sehemu ya chama kwenye jumla, akaondoa na malipo yetu, na kilichobaki nilikilipa kwa pesa ya mfukoni mwangu. Nikamwomba karani msamaha. Neema alitoka getini kwa miguu yake, mtoto amebebwa na Kashindi. Nilipogeuka kumshukuru Mama Zainabu, kidole chake kilikuwa tayari kwenye karatasi ya mtu mwingine.

Ndugu zangu, mtumainini Mungu! Anaweza kukutumia mtu wa kukusomea kile unachoogopa kusoma. Namshukuru Yeye, na namshukuru shemeji yangu aliyeketi pale, ambaye mahari yake bado naitafuta.

Lakini Mama Jeanne wa kwaya amepona na bado yuko kule hospitalini, katika chumba kile kile, wiki ya pili sasa. Tulimlipia sisi, humu ndani, na risiti tunazo, kila mtu na jina lake. Yangu hii hapa. Ibada ikiisha nitasimama mlangoni. Mwenye ya kwake aje nayo, twende wote tukaziandikishe kwa jina la Jeanne. Amina.