Kompyuta Bila Hamisa

Mwaka tisini na mbili, Chang'ombe, nyuma ya karakana za magari, palikuwa na benchi la watu waliojua kila kitu duniani ila namna ya kuondoka hapo. Gaspar alikuwa bado mgeni wa ujuzi huo. Miaka mingi alitoboa kadi za kuingizia hesabu kwenye kompyuta kubwa ya shirika moja la umma, mpaka shirika likapunguza watu, naye akapunguzwa. Sasa kampuni ya mtu binafsi huko mjini ilikuwa imemwita, kesho asubuhi akajaribiwe kwenye kompyuta ndogo ya mezani. Akishindwa, yeye na mkewe Avelina watafunga mizigo warudi Bukoba. Kahawa ya Suhaib, muuzaji wa hapo benchini, ilimpita kooni bila ladha.

— Hebu tueleze vizuri, alisema Bandari, kuli mstaafu. Hiyo kubwa ilikuwa na ukubwa gani?

— Chumba kizima, alijibu Gaspar. Na baridi! Nje watu wanajipepea, sie ndani tumevaa masweta.

— Sasa chumba kizima kikae juu ya meza? Labda meza ya Ikulu.

Fundi Redio, aliyetengeneza redio za mtaa mzima na nyingine kuzizika kabisa, alitikisa kichwa.

— Hakijakaa. Hiyo ya mezani ni uso tu, tumbo wamelificha. Ndio maana ina waya. Wahenga walisema, kuku mgeni hakosi kamba mguuni.

— Tumbo lenyewe liko wapi?

— Tegeta. Kule mapori matupu, nani atauliza?

— Fundi, we muongo! Gaspar alicheka.

— Mie nakataa, alisema Bandari. Liko chini ya bahari, kwenye baridi yake. Bandarini nilikuwaga nausikia mlio, vuuu, na hakuna meli. Mficha uchi hazai.

— Sasa hiyo methali inaingiaje hapo?

— Imeshaingia, usibishe.

Hapo akatokea Tunu, binti aliyehamia nyumba ya pili wiki ile, na chupa yake ya chai mkononi.

— Shikamooni.

— Marahaba.

Suhaib akawa anamjazia kahawa, na Tunu akamgeukia Gaspar.

— Samahani baba, nimewasikia. Hizo kadi, ukikosea ilikuwaje?

Uso wa Gaspar ulichangamka.

— Kulikuwa na dada mmoja, Hamisa. Mie nikishatoboa, yeye anachukua kadi zilezile na karatasi ileile niliyonakili, anabonyeza upya kila kitu kwenye mashine yake. Tusipolingana, mashine inagoma. Basi utamsikia: "Gaspar! Umeweka tatu pahala pa nane!" Tena mbele za watu.

— Alikuwa anakukera huyo, alisema Fundi Redio.

— Kila siku. Na kila siku nilikuwa nalala usingizi wangu.

Tunu alikaza kifuniko cha chupa.

— Na hiyo ya kesho, nani atarudia kazi yako akamate makosa?

Gaspar aliinamia kikombe chake. Tangu asubuhi alidhani anaiogopa mashine, kumbe alikuwa anamlilia Hamisa.