Mstari Katikati ya Kidonge

Saa moja na dakika ishirini asubuhi nilianguka kando ya injini ya kisima, kule Buna. Mkono wa kushoto ulikataa kuinuka, mdomo ukakataa kuita. Nikalala pale nikiisikiliza injini mpaka dizeli ikaisha.

Ndugu zangu wa kliniki hii, nawaambia, watu walikuja kwa sababu maji yalikatika. Siwalaumu. Miaka minane niliwavutia maji kwa injini ile bila kumzoesha yeyote kuniuliza habari yangu.

Miezi mitano kabla ya hapo nilipimwa hapa Garissa, presha ikaonekana, nikaandikiwa kidonge kimoja kila asubuhi. Mimi ni msomaji. Hata injini nilijifunza kwa kitabu chake. Karatasi ya dawa ilisema ndani mna dawa mbili: moja ya kutuliza moyo, moja ya kutoa maji mwilini kwa mkojo. Kidonge chenyewe kilikuwa na mstari katikati. Nikaamua kwamba upande wenye herufi ni wa moyo, ule mwingine ni wa maji. Na ulikuwa mwaka wa ukame. Nani akojoe maji ovyo? Nikawa nakata kwa wembe, nameza nusu, natupa nusu. Chekeni tu. Mimi kule sikuwa na wa kunicheka.

Hospitalini baada ya kuanguka, ulimi ulipoanza kurudi, tabibu, binti wa umri wa kuwa mwanangu, alinikuta nakata.

"Adeer, ami yangu, unafanya nini?"

Nikamweleza. Akainua kikombe changu cha chai.

"Nikimwaga nusu, nimemwaga maziwa au sukari?"

"Vyote."

"Basi miezi mitano umemwaga vyote. Nani alikwambia ukate?"

"Hakuna."

"Hukumuuliza mtu?"

Kumuuliza nani? Nikameza kizima mbele yake.

Presha ilishuka polepole, wiki baada ya wiki. Mkono umerudi kushika spana, ila vidole viwili bado vizito. Siku hizi mama muuza chai wa pale kisimani hunipigia kelele kila asubuhi:

"Wewe Kitabu, umemeza?"

"Nimemeza."

"Nusu?"

"Kizima, walaal, dada yangu!"

Namshukuru yeye, na tabibu yule, na wafugaji walionibeba kwa blanketi hadi kwenye lori. Bado nakula peke yangu, nalala peke yangu. Lakini mkipewa dawa, ulizeni, hata swali la kijinga. Langu lilihitaji dakika moja na mtu mmoja.