Mwalimu Annastella, Aliyekataa Kuwaandikia Watoto Majibu

Mwalimu Annastella Rugemalira alizaliwa tarehe 14 Machi 1979 kijijini Ijumbi, Muleba, mtoto wa pili wa marehemu Mzee Rutaihwa Rugemalira na Mama Klaudia. Mama anamkumbuka akiwa mdogo jikoni, akiuliza kwa nini ndizi zilizokatwakatwa huiva kabla ya zile nzima. Mama alimjibu, "Menya, waitu, mwanangu, acha maswali." Alimenya. Maswali hakuacha.

Alisoma shule ya msingi Ijumbi na sekondari mjini Bukoba, kisha akahitimu shahada ya ualimu wa sayansi Dar es Salaam mwaka 2004. Mwaka 2006 alifunga ndoa na Bwana Ishengoma Kyaruzi, wakajenga Bakoba, mtaa wa hapohapo Bukoba mjini. Nyumbani alikuwa mcheshi. Hasira zake alizielekeza kwa majibu yasiyo na kizio cha kipimo.

Alifundisha kemia katika shule moja ya binafsi mjini. Hesabu za moli, joto la mmenyuko na msawazo, vilivyowatoa wengi jasho, kwake vilieleweka, kwa sababu hakumruhusu mtoto kutumia fomula asiyoweza kuieleza.

Mei 2023, mtihani wa vitendo wa kidato cha sita ulipokaribia, mkuu wa shule alimwagiza aandae jedwali la muda wa mmenyuko ili watahiniwa wanakili majibu. Kazi yenyewe ilikuwa ndogo: kuchanganya kemikali mbili, kutazama alama ya msalaba chini ya glasi mpaka mchanganyiko uifiche, kurudia kwa joto la juu zaidi, kisha kukokotoa kasi.

"Wanajua kupima," alimjibu. "Ukiwapa majibu, umewaambia ni wajinga."

"Shule inataka daraja la kwanza, Mwalimu. Haitaki mahubiri."

Aliondolewa maabarani, jedwali likaandaliwa na mwingine. Darasa zima likaandika sekunde zilezile, na matokeo yao yakafutwa. Katika kikao cha wazazi mkuu alisema chanzo ni mwalimu wa kemia, akamfukuza kazi. Tunayasema haya kaburini kwa sababu kikaoni alinyimwa nafasi ya kuyasema.

Wanafunzi walimfuata Bakoba. Aliwafundisha upya barazani kwake, bila malipo, ili warudie mtihani kama watahiniwa wa kujitegemea. Saratani ya ini ilikuwa imeshamwanza. Aliposhindwa kusimama, alifundisha ameketi, mkono mmoja ubavuni. Mumewe alipomsihi apumzike, alisema watoto wameonewa, na yeye hawezi kulala na jambo hilo.

Julai 2024 wote walifaulu kemia. Wiki hiyohiyo shule ikatundika bango langoni lenye picha zao: "Vijana wetu." Alisimuliwa akiwa kitandani, hospitalini Mwanza. Aligeukia ukutani, akasema, "Waambieni walishushe." Tuliwaambia. Halijashushwa.

Alifariki Jumatatu, tarehe 2 Septemba 2024, mumewe akiwa amemshika mkono. Uongozi wa shule umeomba kutoa salamu za rambirambi leo. Familia imekataa. Salamu zitatolewa na Ephrasia, mmoja wa wanafunzi waliofutiwa matokeo, ambaye mwezi ujao anaanza chuo cha ualimu.

Ameacha mume, Bwana Ishengoma. Watoto wawili, Judica na Wilbert. Mama mzazi, Mama Klaudia. Na kaka yake, Haruni, anayewasomea haya.

Ee Mungu, mpokee Annastella, umpe pumziko alilolikataa hapa duniani. Nasi utusamehe, maana hatujaweza bado kusamehe.