Mdomo Mmoja Uangalie Majini

Sogeeni, wanangu, mkae hapa ninapoweza kuwaona bila kugeuza shingo, na wewe Kitonga, fundi mwenzangu, zima hiyo redio, maana leo nasema mimi na sina pumzi ya kushindana na mtangazaji. Mama yenu Everlyne amenilaza barazani hapa kwa Linet ili nilione ziwa Jipe. Daktari alisema moyo wangu hautafika mavuno, akalitamka neno hilo kwa upole mwingi hata nikamwonea huruma, nikamwambia pole.

Mali yangu haitawachosha. Shamba la Mghange ni la mama yenu, na asije mtu wa ukoo kulipima kwa miguu kabla matanga hayajaisha. Nyumba ya Voi ni yenu wawili. Vifaa vyangu vya kazi ni vya Kitonga, pamoja na ile jeki ambayo ni yake tangu zamani, ila ameona haya kuiulizia. Kilichobaki ni hii mashine ya boti iliyofungwa hapo kwenye gogo, na ndiyo niliyowaitia, kwa sababu wewe Linet unaitaka, na wewe Derrick umekwisha kumpigia simu mtu wa skrapu.

Mapatano yetu mnayajua. Mashine ivuke ziwa na kurudi, ilale, kisha tufungue skrubu ya chini ya mguu wake, tutazame oili ya gia. Ikitoka safi, mashine inafungwa kwenye boti ya Linet, aliyeacha kazi ya hoteli ili awatembeze wageni wanaokuja kuona ndege na viboko, na bila mashine amebaki na boti ya kuanikia nguo. Ikitoka nyeupe kama chai ya maziwa, basi maji yameingia kwenye gia, na mtu wa skrapu aje na mizani yake. Jana imevuka. Derrick, chukua bisibisi, lakini usifungue bado. Baba yako anakufa, mpe nafasi ya kupiga porojo.

Nimetembea, wanangu. Nimefanya kazi kwenye maboti ya Lamu, nikatapika njia nzima hadi Moroni, nikakaa Mwanza, nikakaa Kisumu, na katika safari zote hizo nikaleta nyumbani sanduku moja na mashine hii moja, ambayo tayari ilikuwa mzee na tayari ilikuwa haiendi. Nikaipandisha milimani Mghange, mahali ambapo maji yote ya kijiji hayatoshi sufuria ielee. Watu walikuja kunipa pole kama niliyefiwa. Kuku wa mama yenu wakaiona ina faida kuliko nilivyoiona mimi, wakaigeuza kiota. Nikaishusha Voi, ikakaa nyuma ya mlango wa gereji miaka na miaka, madereva wa malori wakiigonga kwa vidole vya miguu na kuitukana, hadi Linet alipopata boti na kusema, "Baba, tuufungue huo mguu tuone."

Mguu ndio ile sehemu inayozama majini, yenye gia na pangaboi. Boliti zilikuwa zimelewa chumvi ya Lamu. Kitonga alitaka nyundo, nikamwambia hapana, tukazipasha moto kwa jiko la makaa, tukazinywesha dizeli, tukazigonga kwa mti kidogo kidogo kama mtu anayeamsha mkwe. Mguu ulipoachia ulitoa pumzi kama tairi. Oili ilikuwa chai kabisa. Mpira wa pampu ya maji ulikuwa umekauka kama kandambili iliyosahauliwa juani. Nyuma ya pangaboi tukakuta mshipi wa mvuvi umejiviringa kwenye shafti, ukaikata sili, ile pete ya mpira inayozuia maji. Lakini gia! Tulipozifuta, ziling'aa kama meno ya bwana harusi. Mnakumbuka nilivyocheza? Ndiyo siku niliyoanguka kwenye ndoo, si ugonjwa ule, ni furaha.

Sasa sikieni kosa letu, nalisema kwa fahari kwa kuwa ni kosa la watu wa nchi kavu peke yao. Kitonga ndiye fundi bora wa malori kati ya Mwatate na Maungu, na kwenye gurudumu la lori mdomo wa sili, ule ukingo wake laini, hutazama ndani, ili grisi isitoke. Sili za mguu huu ni mbili, akazipanga mpya zote mbili zikitazama ndani, na mimi, baharia mzima, nikampongeza. Tukajaza upepo kwa pampu ya baiskeli, tukauzamisha mguu ndani ya pipa la maji kama wanavyotafuta pancha, hatukuona hata povu moja. Tukaimba. Tukaileta Jipe kwa pikapu, tukikipita kilima cha Salaita tukiwa bado tunaimba. Tukaipeleka majini, na tulipofungua oili ilikuwa chai, imebaki mandazi tu.

Hapo ndipo ulipompigia mtu wa skrapu, Derrick. Sikulaumu. Ulikuwa umeniona nikibebwa kutoka botini, ukaichukia hiyo mashine kwa niaba yangu. Najua. Usiangalie chini, naongea na wewe.

Dada yako akasema, "Baba, tairi linazuia hewa isitoke. Hii si inatakiwa kuzuia maji yasiingie?" Kitonga akatoa kofia. Akasema, "Linet, mwanangu, nimekuwa nikiendesha lori ziwani." Basi tukaigeuza sili ya nje, mdomo mmoja ukaangalia majini na mwingine ukabaki na oili yake. Halafu Kitonga akaifungua pampu ya baiskeli, akaigeuza ngozi yake ya ndani, na ile pampu ikaanza kufyonza badala ya kujaza. Tukaufyonza mguu, ukashika, hewa haikupenya. Mimi nimeona meli zinazobeba meli nyingine, lakini sijaona akili kama ile.

Na jana! Mlinizungushia mito kama mayai ya sokoni, Linet kwenye usukani, wewe Derrick mbele ukitafuta viboko, jaketi la kuokolea umelikaza hadi macho yametoka. Mashine ikakohoa, ikakohoa tena, ikanguruma. Maji yakaruka nyuma yake, mkojo mwembamba ulionyooka, na fundi yeyote wa boti atakwambia mashine inayokojoa vizuri ni nzima. Laiti figo zangu zingesikia. Tukapita kati ya mafunjo, upepo ukatupiga usoni, tukafika upande wa Tanzania, wavuvi wakasimama kwenye mitumbwi yao wakapiga makofi. Yule mama aliyekuwa akiuza samaki ufukweni akaniuliza, "Shikamoo mzee, hiyo mashine ina umri gani?" Nikamwambia, "Marahaba. Imenizidi, ila yenyewe imepata spea." Nilicheka hadi kifua kikaniuma, na kiliuma vizuri.

Basi... nipe maji kidogo, Everlyne. Asante.

Sasa, Derrick. Fungua wewe. Si Linet, si Kitonga. Weka bakuli chini. Polepole... Msinizibie. Inatoka? Linet, mbona unalia, sema ni rangi gani! Leteni hapa hilo bakuli. Lileteni juani.

Asali. Wanangu, ni asali tupu.

Kitonga, acha kuruka, utavunja baraza. Derrick, njoo. Njoo hapa. Mpigie yule mtu, mwambie kwa heshima asije. Na usimwachie dada yako ziwa peke yake. Yeye ana mkono wa usukani, wewe una jicho la viboko. Kila baada ya safari, toeni pangaboi, mwangalie kama mshipi umejiviringa. Mkigombana, gombaneni mkiwa nchi kavu.

Mama yenu asibebe maji. Nizikeni Mghange, na hotuba ziwe fupi, mimi nimeshasema zote.

Mungu awape... ngoja. Jazeni oili mpya kwanza, nione. Kutokea chini, Linet, isukume ipande, hewa itoke juu. Hivyo. Ikichungulia tundu la juu, acha. Funga la juu kwanza, Derrick, ndipo hili la chini halitamwaga. Mungu awalinde majini na... na nchi kavu. Awape watoto wanaocheka. La chini sasa. Haraka, weka skrubu. Kaza.

Taratibu, mwanangu, usije ukaharibu nyuzi za tundu. Taratibu... ni alumini.