Chumba cha Nyuma ya Ghala Kilipopata Mwanga

Mgeni rasmi, tunakusalimu kwa heshima, wewe na wote ulioongozana nao. Sisi ni wanafunzi wa Darasa la Tano. Tumepewa dakika chache, kwa hiyo tutakueleza jambo moja tu, tuliloliona kwa macho yetu na ambalo mpaka leo linatushangaza.

TULIKOTOKA

Chumba chetu kina madirisha upande mmoja, na upande huo huo likajengwa ghala. Tangu hapo asubuhi ikawa inaishia mlangoni. Kwenye pembe ya nyuma aliketi mwenzetu tunayemwita Subiri, kwa sababu kila alipoambiwa asome alijibu, "Subiri kidogo, mwalimu." Alikodoa macho, akainamisha kichwa, akabahatisha. Tulimcheka. Aliposikia kicheko alikunja vidole vya miguu chini ya dawati, na moyoni aliamini kabisa kwamba kichwa chake ni kizito. Alikuwa amerudia darasa mara mbili. Mwaka huu mama yake aliitwa kuambiwa kwamba atarudia tena.

SIKU MWALIMU ALIPOKETI

Mama alisimama barazani, Subiri kando yake.

"Mwalimu, huyu nyumbani ananisomea hata maandishi ya kwenye mfuko wa unga."

"Mama, tumevumilia sana."

"Basi mpe kitabu hapa hapa."

Subiri akasoma ukurasa mzima pale barazani bila kukwama, mpaka mwalimu akamzuia. Akamshika mkono, akampeleka kwenye dawati lake la pembe ya nyuma, akamfungulia ukurasa uliofuata.

"Subiri kidogo, mwalimu..."

Tukaanza kucheka. Lakini mwalimu alimwambia asogee, akaketi yeye, akakishika kitabu. Alikaa hivyo muda mrefu. Tulipomwona anakisogeza karibu na pua, kicheko kilitukauka.

"Mwanangu," alisema, "hata mimi sioni. Nisamehe."

Mgeni rasmi, hatukuwahi kumsikia mwalimu akimwomba mtoto msamaha. Subiri hakujua atazame wapi.

MAFANIKIO

Mjomba wa Subiri ni fundi wa paa. Jumamosi alikuja, akang'oa mabati mawili, akaweka mengine mawili yanayopitisha mwanga. Jumatatu tulifika mlangoni tukasita, kama tumeingia nyumba ya watu. Mwanga ulikuwa umeshuka mpaka sakafuni! Bahari kwenye ramani ilikuwa ya buluu, na sisi siku zote tulidhani ni ya kijivu. Vumbi lilielea likimetameta, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kulivuruga. Kisha msichana mmoja akaropoka, "Kumbe mwalimu ana mvi!" Mwalimu akacheka mpaka akafuta machozi. Subiri yeye hakucheka. Alikuwa anapitisha kidole juu ya maneno ya daftari lake, moja baada ya jingine, kama anayasalimia.

Jua la saa sita lilipozidi, ubao uling'aa hata hausomeki. Tukageuza madawati pamoja na ubao, mwanga ukatujia kutoka kushoto, kivuli cha mkono kisifunike tunachoandika. Katika mtihani uliopita Subiri alikuwa wa sita. Waliokuwa wakisinzia nyuma hawasinzii tena, isipokuwa mmoja, na huyo ni tabia yake.

CHANGAMOTO NA MAOMBI

Mawingu yakitanda, tunarudi gizani. Taa yetu ni moja, inapepesa na kuvuma kama nzi ndani ya chupa. Tukiisomea nusu saa, vichwa vinauma. Tunaomba taa nne zilizotulia, na rangi nyeupe ukutani.

Lakini ombi letu kubwa si letu. Chumba kinachofuata ni cha Darasa la Kwanza, na ghala limewaziba wao kuliko sisi. Watatu kati yao wameshaandikwa kuwa ni wazito wa kichwa. Ni Subiri aliyetusihi tuliseme hili mbele yako. Tulipomuuliza tuliweke kwa maneno gani, alijibu:

"Mwambieni kwanza waangaliwe wameketi wapi."

Mgeni rasmi, Mungu akulindie macho yako na ya wanao, na safari yako ya kurudi iwe ya salama.

Ni sisi,
Wanafunzi wa Darasa la Tano,
chumba cha nyuma ya ghala.