Hela za Bi Winifred

Benchi letu limeegemea ukuta wa duka la dobi, upande wenye joto la mashine, ndiyo maana sisi wastaafu hatubanduki hapo hata mvua ya Lancashire inyeshe kwa ubavu. Doreen huja na chupa ya kahawa. Norman tunamwita Wakili, kwa sababu zamani aliwahi kuwa mzee wa baraza mahakamani, kwenye kesi ya baiskeli. Mimi huja kusikiliza, na kuchokoza kidogo. Jumanne ile Clifford muoka pai, tunayemwita Tanuri, alifika kavimba kwa hasira, akakataa hata kukaa.

— Wameninyonga! Halmashauri wanasema mama bado anazo zile pauni elfu thelathini.

— Si alikupa wewe? Doreen akauliza.

— Alinipa! Mwaka wa nne huu. Nimeezekea paa la duka. Sasa yuko nyumba ya wazee, akiba imekwisha, naomba wamlipie, yule mama wa ofisini ananiambia eti hela zilitolewa makusudi, kukwepa gharama za matunzo. Wanazihesabu kana kwamba ziko mkobani mwake. Nilipe mimi, la sivyo ahamishwe!

— Tulia, kaka, Wakili akasema. Sheria naijua. Ikipita miaka saba hawakugusi. Vumilia mitatu tu.

— Pumbavu! Nilimwambia yule wa ofisini hivyohivyo, akanicheka. Miaka saba ni ya kodi ya urithi, mtu akishakufa. Kwenye matunzo hakuna cha miaka. Wanauliza alitoa kwa nini, na alikuwa na hali gani.

— Kumbe tatizo ni kwamba hajafa.

Doreen akamchapa Wakili begani.

— Wee! Bi Winifred ni mama wa watu!

— Natetea mteja wangu! Wahenga walisema, mtoto akililia wembe, mpe.

— Hiyo haiendi hapo, mzee.

Nikatia langu:

— Waambie alinunua pai.

— Pai za elfu thelathini?

— Za nyama. Bei imepanda.

— Mimi zangu natia meno ya dhahabu, Doreen akasema. Waje waning'oe!

— Mimi nanunua farasi, Wakili akadakia. Nampa jina la mjukuu wangu. Wakiuliza hela ziko wapi, nasema mtoto anakula sana.

Clifford akapiga teke ukuta.

— Chekeni tu! Mama kafuma pamba kiwandani tangu msichana, masikio yamekufa kwa kelele za mitambo. Kodi kalipa. Likizo hakwenda. Jirani yake zake zote kamalizia baa, na leo analipiwa mpaka soksi! Aliyejinyima ndiye anaitwa mjanja mjanja!

Hapo kicheko kikakatika. Alikuwa na haki ya kukasirika, na sisi tulikuwa tumekasirika pamoja naye.

— Samahani, sauti ikasema.

Alikuwa mwanamke mwenye sanduku la magurudumu, kasimama mlangoni pa dobi akijikinga na mvua. Hatukumjua. Clifford alimjua, uso ulimwiva.

— Avril.

Dada yake, aliyeolewa mbali huko kusini.

— Habari za hela hukuniambia, akasema.

— Ulikuwa mbali.

— Haya, nilikuwa mbali. Nakuuliza kitu kimoja tu. Siku anakupa, mama alikuita nani?

 Doreen akakazana kufuta kikombe kilichokwisha kukauka. Mimi nikatazama barabara. Clifford, aliyekataa kukaa asubuhi yote, akakaa.

— Clifford.

— Alisema nichukue nikatengeneze nyumba.

— Alikuita nani?

— Walter, akasema. Aliniita Walter.

Walter ni baba yao. Jeneza lake nililibeba mimi, tena kabla ya hizo hela kutoka.

Avril akashika mkono wa sanduku lake, akauliza basi la kwenda kwa mama linapita wapi.  Clifford akainuka, akatangulia mvuani kumwonyesha.