Mwalimu Walter Nyangate Ogoti na Daftari Ambalo Halijarudi

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1955 huko Manga, mtoto wa tatu wa Mzee Ogoti Mokua na Mama Bathsheba. Alianza shule akiwa na miaka tisa, kwa sababu ng'ombe walimhitaji kwanza.

Mwaka 1978 alipata nafasi ya masomo Poland. Huko alikutana na jambo lililomshika maisha yake yote. Zamani Wapolandi walisoma sarufi kwa Kilatini tu, hata nomino haikuwa na jina katika lugha yao. Walimu wakaanza kuandika maneno ya nyumbani juu ya yale ya Kilatini, kila mmoja lake. Mengine yalikufa, mengine yanatumika hadi leo. "Palipoandikwa jina kwa Kilatini, wao waliandika jina kwa Kipolandi," alisema. "Sisi tunalo rieta, jina hilohilo kwa Ekegusii chetu. Tunangoja nini?"

Alirudi 1984 akafundisha shule za upili Nyamira kwa miaka thelathini na moja. Kila Jumapili alitafuta majina ya sarufi ya Ekegusii na kuyaandika kwa penseli katika daftari jeusi. Kila neno alilipeleka kwanza kwa akina mama kwenye kituo cha majani chai, Ikonge.

"Mpolandi, leo umetuletea lipi?"

Wakicheka, alifuta.

Alimwoa Esnah Kwamboka mwaka 1986, katika kanisa la Waadventista. Mama Esnah hakunyamaza: "Baba Joyline, hata fahali wetu hana jina, na wewe unayatafutia maneno majina!" Fahali akaitwa Kasusi siku hiyohiyo. Ni neno la sarufi la Kilatini.

Mwaka 2016 kamati ya utamaduni ililichukua daftari ili wazee wayakubali maneno, kisha lichapishwe. Binti yake Joyline alimsihi watoe nakala kwanza mjini Nyamira. Alikataa: "Neno ambalo wazee hawajalikubali halitolewi nakala." Kwa miaka tisa aliliulizia. Ofisi ilisema liko kwa katibu. Katibu alisema liko kwa mwenyekiti. Mwenyekiti alisema, "Mwalimu, daftari gani?"

Figo zake zilianza kushindwa mwaka 2022. Kitandani alijaribu kuliandika upya. Kati ya maneno mia mbili na kumi na manne, alikumbuka arobaini na moja. Alifariki Jumanne, tarehe 3 Februari 2026, penseli ikiwa mezani.

Ameacha mjane, Mama Esnah. Watoto Joyline, Mogire na Ratemo. Na wajukuu watano, ambao wanne kati yao hawajui Ekegusii.

Kabla jeneza halijashushwa, msimamizi atauliza, kama ilivyo desturi yetu, ni nani aliyebaki na kitu cha marehemu. Familia inaomba swali hilo lisiharakishwe leo. Kamati imeketi nasi, viti vya mbele.

Mwalimu, umeulizia vya kutosha. Pumzika kwa amani, sasa tutauliza sisi.